Wanandoa na Rula

Jumatatu, 3 Machi

Profesa amekubali! Si kwa maneno — yeye hakubali kwa maneno — lakini amesoma muhtasari wangu mpaka mwisho bila kushika kalamu nyekundu. Wanafunzi tunamwita Mama Una-Uhakika, maana hata ukimwambia leo ni Jumatatu atakuuliza kama una uhakika. Leo kaniuliza mara moja tu. Nikasema ninao. Akasema basi tuma.

Nimetuma. Mwezi ujao, mkutanoni, wataalamu wataambiwa kwamba Wanandoa wangu wanavuja. Nyota mbili zinazozungukana: mume mwekundu, ameumuka kama unga uliozidishiwa hamira, na mke mdogo, mweupe, mkali, hashibi. Hakuna darubini ya kuwatenganisha. Kwa macho ni nukta moja. Lakini upitishe mwanga wao kwenye kioo cha michirizi, utandazwe rangi kwa rangi, buluu kushoto na nyekundu kulia, hapo unawaona kila mmoja na alama zake. Na kwenye mstari mwekundu wa hidrojeni kuna shimo dogo jeusi, limesogea kidogo kushoto. Kusogea kushoto maana yake gesi inakuja upande wetu. Mume anapoteza mwili. Jioni nyingine shimo ni refu, wiki kadhaa baadaye limekonda, kisha linarudi.

Shimo hilo ndilo shahada yangu. Jopo linakaa mwisho wa mwezi kuamua kama naendelea na uzamivu au narudi kufundisha fizikia kidato cha pili. Sina ugomvi na kidato cha pili. Ila niliaga kwa mbwembwe nyingi mno, sitaki kurudi nimeinamisha kichwa.

Nyumbani mama mkwe kaniuliza, kama kila siku, Wanandoa wameamkaje. Nikamwambia mume bado ananyonywa. Akasema hilo si jipya duniani. Mume wangu, aliyekuwa anatia uzi kwenye cherehani, hakuinua kichwa.

Jumatano, 5 Machi

Mawingu jana. Mawingu leo. Nimekaa ofisini nimeshika tama.

Muda wenyewe ni wa kugombania. Wanandoa sasa wako magharibi. Giza likishakolea tunabaki na kama saa mbili kabla hawajajificha nyuma ya tangi la maji la hosteli. Tangi hilo! Chuo kizima kilikuwa na nafasi, wakalipandisha magharibi ya kuba yetu ya darubini. Na kila wiki nyota zinazidi kushuka mapema. Mwisho wa mwezi jua litakuwa limezimeza, hatutaziona tena mpaka zichomoze alfajiri upande wa pili, huko mbele sana.

Basi nimepanga mafaili. Kila jioni ina jozi yake: Wanandoa na Rula. Rula ni nyota ya kupimia. Hewa yetu ina unyevunyevu, na unyevu huo huchora mistari yake juu ya mwanga wa kila nyota, kama dirisha chafu. Kwa hiyo ukishapiga picha ya Wanandoa unapiga na ya nyota nyingine iliyo jirani nao angani, angavu, tulivu, isiyo na makuu. Unagawanya moja kwa nyingine. Uchafu wa dirisha unakatana, unabaki na Wanandoa peke yao. Rula ina bonde moja pana la hidrojeni, laini, ambalo programu inalijaza yenyewe kwa kiolezo alichotengeneza Profesa zamani. Yeye ndiye aliyeichagua Rula, wakati huo mimi hata sijui darubini inatazamwa upande upi.

Nimeipiga picha miaka miwili. Sijawahi kuifungua kuitazama. Nani anatazama rula?

Alhamisi, 6 Machi

Mbingu zimefunguka! Saa moja safi, kisha pazia. Wanandoa nimewapata, Rula nimeipata. Galaksi — jirani yangu wa meza, yeye anasoma magalaksi na hakubali usahau hilo — kanisaidia kusukuma kuba pale inapokwama. Kasema kuhangaika na nyota mbili wakati ziko bilioni ni sawa na kwenda sokoni kununua punje ya mchele. Nikamwambia angalau mimi punje yangu naijua kwa sura.

Nitachakata Jumamosi, nyumbani.

Jumamosi, 8 Machi

Kuna kitu si sawa.

Nilikuwa meza ya jikoni, kompyuta huku, vitunguu kule. Mama mkwe alikuwa akinisimulia ugomvi wa majirani, mkono wake mmoja kwenye kijiko na mwingine hewani. Nikaruka hatua. Kweli, ni uzembe mtupu — nilichora Wanandoa wa Alhamisi kabla sijawagawa kwa Rula. Ikatokea picha chafu, imejaa mistari ya unyevu. Sawa. Lakini pale kwenye hidrojeni, pale penye shimo langu, palikuwa tambarare.

Nikarudi nikagawa. Shimo likarudi.

Nikaondoa. Likaondoka.

Maharage yameungua. Mama mkwe kanusa, kaniangalia, kazima jiko, kaanza kukwangua sufuria.

Jumapili, 9 Machi

Nimejaribu jioni kumi za mwaka jana. Bila Rula, hakuna shimo. Na Rula, shimo lipo. Labda ni programu. Labda kamera. Labda ni unyevu kweli, na Rula inaufuta kama inavyotakiwa. Labda nimechoka.

Mume wangu kaniuliza kama nitakwenda naye kumsalimia dada yake. Nikamjibu vibaya. Nilisema mawifi wapo kila siku. Akavaa viatu taratibu, akaenda na mama yake, wakaniachia nyumba kimya. Nimejuta kabla hawajafika getini, lakini sikuwaita.

Sijafungua faili la Rula lenyewe. Naliogopa. Nimeandika hapa ili nilione neno hilo: naogopa.

Jumatatu, 10 Machi

Nimelifungua.

Kilima. Ndani ya bonde la hidrojeni la Rula, upande wa kushoto, kuna kilima kidogo kinang'aa. Programu imekuwa ikijaza bonde kwa kiolezo cha zamani, kisichojua habari ya kilima, na kilima kikabaki humo humo. Nami nimekuwa nikiwagawa Wanandoa wangu kwa kilima. Ukigawa kwa kilima unapata shimo, mwanafunzi wangu yeyote wa kidato cha pili angenieleza.

Shimo la Wanandoa ni kilima cha Rula kilichopinduliwa. Miaka miwili! Kikulacho ki nguoni mwako.

Nimefunga mlango wa ofisi na kulia. Galaksi alikuwepo, nilimsahau. Alikwenda akarudi na chai, akaiweka, akavaa vipokea sauti masikioni ili nilie kwa raha. Leo nimempenda.

Jumanne, 11 Machi

Sijamwambia Profesa. Nimefika mpaka mlangoni kwake mara mbili. Mara ya pili alikuwa anacheka na mtu kwenye simu, nikajiambia si vizuri kumkatia kicheko. Mwongo mkubwa mimi.

Jumatano, 12 Machi

Nimemwambia.

Nilimwekea picha tatu mezani: Wanandoa waliogawanywa, Wanandoa wasiogawanywa, Rula. Sikueleza. Alitazama ya kwanza, ya pili, akaifikia ya tatu akakaa nayo. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akaivaa tena. Nilitegemea aniulize swali lake. Hakuuliza. Hilo ndilo lililonitisha zaidi.

"Kwa hiyo hawavuji," alisema.

"Sijui, Profesa. Ninachojua ni kwamba hatujawaona wakivuja."

Akaitikia kwa kichwa. Kisha nikaona rangi ikimtoka, na nikaelewa nilichokuwa sijakiwaza kwa kujihurumia kwangu: na yeye ametumia Rula. Makala zake za mwanzo, zilizompa jina, zote zimegawanywa kwa nyota hii hii. Kama kilima kilikuwepo tangu enzi hizo, basi hatuzami na mtumbwi mmoja, tunazama na bandari nzima.

Tumeandika pamoja barua ya kuondoa muhtasari. Yeye aliitunga, mimi nikaichapa. Nilitaka nisaini peke yangu, akakataa. Alisema amesaini kuingia, atasaini kutoka. Nikamuuliza kuhusu jopo. Kasema Wanandoa ndio walioidhinishwa, na jopo litataka kusikia habari za Wanandoa. Kisha akaniambia niende nyumbani nikalale, kwa sauti ambayo mama anamwambia mtoto mwenye homa.

Sijalala.

Ijumaa, 14 Machi

Profesa kaja ofisini kwetu! Haji huku kamwe, anasema pananuka soksi. Na leo kaja na soksi mwenyewe — diski yake ya zamani ya kuhifadhia kumbukumbu, kaifunga ndani ya soksi ya sufu isivunjike. Galaksi kainuka kumpisha kiti mpaka kaangusha kikombe.

Humo mna picha zake zote za Rula za wakati ule. Alikesha akizipitia. Laini. Zote laini, hakuna kilima hata kimoja. Makala zake zimepona. Alilisema hilo haraka, kama mtu anayepita mbele ya watu akiwa na nguo mbovu, halafu akafika alipotaka kufika: "Sasa, kilima kimeanza lini?"

Tumekaa watu watatu mbele ya kompyuta moja mpaka tumesahau kula. Tumefungua Rula zangu zote, jioni kwa jioni. Mwanzoni mwa kazi yangu kilima ni kidogo sana, ungedhani ni vumbi. Kisha kinakua. Nyota iliyokuwa tulivu imeanza kurusha gesi yake nje, imejivika mkanda wa gesi kiunoni, nasi tupo, kila jioni, na kamera wazi, bila kujua. Hakuna mwingine aliyeitazama. Katika orodha zote imeandikwa ni tulivu, haifai kutazamwa, inafaa kupimia.

Halafu Galaksi akasema kitu. Kasema mbona kilima chenyewe hakitulii.

Kweli hakitulii. Kimeegemea kushoto, wiki mbili tatu kinasogea katikati, kinaelekea kulia, kinarudi. Ndiyo maana shimo langu lilikuwa likikonda na kunenepa! Kama mwezi na nusu hivi kwenda na kurudi. Kitu kinakivuta. Profesa hakulitamka, nami sikulitamka, lakini wote tulikuwa tunaliwaza: Rula haiko peke yake. Ina mwenzake, mdogo, hatumwoni, na labda ndiye anayeitikisa mpaka inamwaga gesi.

Labda. Kwa sababu upande wa kulia kabisa hatuna hata picha moja ya kuaminika. Kila zamu ya kulia ilipofika ilikuwa mvua, au kamera iko kwa fundi, au mwezi umejaa karibu. Tuna kushoto, tuna katikati, tuna kuelekea. Mtu mwenye roho mbaya atasema gesi imetapakaa tu, inachezacheza, hakuna mwenza wala nini. Na atakuwa na haki.

Nimerudi nyumbani nimechoka na nina furaha. Nimeshangaa kwamba nina furaha.

Jumamosi, 15 Machi

Nimemwomba radhi mume wangu kwa ya Jumapili. Kasema dada yake alifurahi, maana nisipokuwepo anapata nafasi ya kuzungumza. Wote wawili wana ndimi, hawa.

Nikawaeleza habari ya Rula wakati wa chai. Mume wangu kacheka mpaka kashika meza. Kasema mwaka aliooa tepu yake ya kupimia ilivutika bila yeye kujua, akawashonea wateja suruali pana msimu mzima, na wakamsifu kwamba anajua mtindo mpya. Nikamwambia na mimi nilikuwa karibu kusifiwa.

Mama mkwe yeye hakucheka. Kauliza Rula ilikuwa imekaa wapi muda wote huo. Nikasema pembeni, karibu tu na Wanandoa. Akasema ndivyo walivyo. Kwenye sherehe watu wanawatazama maharusi, na anayekaa kimya kwenye kona ndiye anayeondoka na sahani.

Jumanne, 18 Machi

Hesabu imetoka na hainipendi.

Kama Rula ina mwenza, kilima kitafika kulia kabisa keshokutwa, Alhamisi. Ndiyo jioni ya mwisho ya maana. Baada ya hapo iko nyuma ya tangi kabla giza halijakolea, kisha ni jua. Ikizuka tena alfajiri miezi ijayo, huenda imeshamaliza kumwaga na kilima hakipo. Nyota za aina hii huanza bila hodi na huacha bila kuaga.

Na Alhamisi hiyo hiyo — nimeihakiki mara nne — mke wa Wanandoa anapita mbele ya mumewe. Hutokea mara chache, na mara nyingi ni mchana kwetu. Kama kuna gesi yoyote kati yao, hata nyembamba, wakati huo ndipo itaonekana kwa kuukata mwanga wa mume. Ndiyo nafasi pekee iliyobaki ya kuwaambia jopo kitu kuhusu Wanandoa. Kitu cha kweli safari hii.

Si suala la kugeuza darubini huku na huku. Wanandoa ni hafifu, wanataka kioo kipana cha michirizi, tunachotumia kila siku. Rula tunataka kuipima kilima kimesogea kiasi gani, na hapo inatakiwa kile kioo chembamba, kinachokuza kipande kidogo tu cha nyekundu. Kubadilisha kioo ni kazi ya mchana mzima: kufungua, kufunga, kunyoosha, kupima kwa taa ya neoni mpaka mistari ikae sawa. Ukishaweka kimoja, jioni hiyo umeweka.

Nimempelekea Profesa. Kasema hawezi kunichagulia.

"Nikikuchagulia na ikaharibika, utanichukia. Nikikuchagulia na ikafana, itakuwa yangu."

Nilitamani anichagulie tu.

Jumatano, 19 Machi

Nimemuuliza kila mtu. Galaksi: Rula, bila kufikiri. Lakini yeye haendi mbele ya jopo. Mume wangu: Wanandoa, maana ndio walioagizwa, mteja akiagiza gauni huwezi kumkabidhi koti, hata likiwa zuri namna gani. Ana haki. Halafu kaniambia nikirudi kidato cha pili atanishonea koti jeupe jipya la maabara, na nimejua anasema kweli, na limeniuma na kunipoza kwa pamoja.

Mama mkwe: mshika mbili moja humponyoka. Kisha akaongeza kwamba yeye aliwahi kushika mbili na zote zikamponyoka, kwa hiyo nisimsikilize.

Wingu jembamba jioni. Redio imesema kesho hivyo hivyo.

Alhamisi, 20 Machi

Asubuhi. Nimeamka najua. Sikuamua, nimeamka tu najua, kama unavyoamka unajua jino limeacha kuuma.

Wanandoa nimewatazama miaka miwili nikiwa nawataka wavuje. Nikiwatazama leo nitaona gesi, ipo haipo. Sijiamini mbele yao tena. Rula sijawahi kuitaka kitu chochote, na kilima chake kilijiotea chenyewe mbele ya kamera yangu. Hicho nakiamini.

Nimemwambia mume wangu naenda kuweka kioo chembamba. Aliweka mkasi chini. Kisha akasema basi nivae sweta, kuba ina baridi. Mama mkwe kanifungia chakula cha watu wawili. Nikasema niko peke yangu. Kasema najidanganya.

Alasiri. Kioo kimeingia. Nilianza peke yangu, taratibu mno, maana kioo hicho ukikigusa usoni kwa ncha ya kidole tu kimeharibika milele. Nilikuwa nimefungua skrubu ya pili nikasikia viatu kwenye ngazi ya chuma. Profesa, na bisibisi yake mwenyewe mfukoni. Hakuniuliza nimechagua nini. Aliona kioo kipi kiko mezani, akakunja mikono ya gauni, akashika tochi kwa meno ili animulikie. Mwanamke huyu amewafundisha nusu ya wanasayansi wa nyota ninaowajua, na leo amenishikia tochi kwa meno.

Taa ya neoni: mara ya kwanza mistari imepinda. Ya pili imepinda upande mwingine. Ya tatu imenyooka kama uzi. Tumekula chakula cha mama mkwe tumekaa sakafuni. Profesa kasema pilipili imezidi na akamaliza chote.

Kisha nikamuuliza nitawaambia nini jopo. Kasema nitawaambia nilichokiona.

"Na kama sitaona kitu?"

"Hilo nalo utawaambia. Nitakuwa nimekaa pembeni yako, wataniuliza mimi nani aliyechagua rula mbovu."

Nimecheka, na machozi yalikuwa karibu.

Jioni. Naandika nikiwa kwenye kuba, taa nyekundu ndogo, karatasi kwenye goti. Magharibi bado pana mstari wa rangi ya chungwa lakini juu giza limeiva. Kuba imekwama pale pale inapokwamaga, Profesa kapanda kwenye kigoda anaisukuma kwa bega. Amekataa nimpokee. Galaksi yuko nje kwenye paa, kazi yake kutazama wingu na kutoa taarifa. Anatoa taarifa nyingi kuliko mawingu yenyewe.

Wanandoa wako pale pale, kidole kimoja juu ya Rula. Sasa hivi mke anapita mbele ya mumewe na hakuna anayewatazama. Nimewaona kwa jicho, nukta moja. Nimewatakia heri. Nilidhani itauma zaidi.

Picha ya kwanza: dakika chache tu, ya kujaribu. Rula imekaa vizuri. Kilima kipo! Kimegawanyika vichwa viwili, kitu ambacho kioo kipana hakijawahi kutuonyesha. Cha kulia kikiwa kirefu kuliko cha kushoto, mwenza yupo. Kichwa kipi kirefu — siwezi kusema. Mwanga haujatosha, mistari inatetemeka. Profesa kaweka kidole kwenye skrini upande wa kulia, kisha kakiondoa haraka, hataki kunitia jambo machoni. Tumekubaliana picha ya pili iwe ndefu, tuiache wazi kwa muda wote uliobaki mpaka kwenye tangi. Moja tu. Yote humo.

Imeanza.

Nusu imepita. Galaksi anasema wingu limetoka kaskazini, si jembamba, linakuja polepole. Nimetoka kuliona. Limepata rangi ya taa za barabarani kwa chini. Likifika mbele ya Rula wakati kamera iko wazi litatumwagia mwanga wote wa mji, na kilichokusanywa kitachafuka chote. Tukifunga sasa tutabaki na nusu, safi, ambayo huenda ikatosha na huenda isitoshe.

Limefika kwenye antena iliyo juu ya paa la jirani. Kutoka antena mpaka Rula, nikinyoosha mkono, ni upana wa ngumi. Tangi liko upande wa pili, karibu vile vile. Sioni tena baridi.

Nimerudi ndani. Robo imebaki. Profesa kashuka kwenye kigoda, vumbi la kuba limemjaa kichwani, mkono wake uko juu ya kitufe cha kufunga, haujabonyeza. Profesa kaniambia niseme mimi, tufunge au tusubiri.

Nimemwambia tusubiri.